Kurasa Zilizoshonwa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo kipindi cha tatu, mwalimu wa hesabu akiwa ubaoni. Darasa letu lina bati bila dari, kwa hiyo kwa robo saa nzima hakuna aliyemsikia, naye akaendelea kuandika kama mtu anayegombana na ukuta. Nilifurahi. Mvua ikipiga hivyo hakuna anayeweza kuniuliza swali mbele za watu.

Naanza daftari hili kwa amri ya Shangazi. Anasema mtu anayesoma maandishi ya wenzake bila kuandika yake atageuka kasuku. Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, tunaishi naye, na alikuwa mwandishi wa habari kwa miaka ishirini na sita. Sasa ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anatuona, anasema, kama nguo zilizoanikwa: rangi na upepo tu. Kuna watu wanaotaka kutengeneza filamu kutokana na habari alizoandika wakati wa vita, katika ule mji wa daraja, mimi nikiwa bado sijaanza shule. Madaftari yake ya wakati ule ni kumi na moja. Mwandiko wake ni njia ya konokono, na katika ukoo wetu wote anayeweza kuusoma ni mimi peke yangu.

Shuleni wananiita Kamusi. Si sifa.

Jumamosi, 9 Machi

Mwandishi wa filamu amekuja. Nilitegemea mzee mwenye koti. Kumbe ni kijana, viatu vimelowa, kavivua mlangoni, na soksi moja ina tundu ambalo alilicheka mwenyewe kabla yetu. Miwani yake inafunika nusu ya uso. Baba alimwita Miwani hapo hapo, na jina likaganda.

Kazi inakwenda hivi. Shangazi anakaa kwenye kiti cha dirishani, mimi nasoma daftari kwa sauti, Miwani anarekodi kwa simu. Kila baada ya mistari miwili Shangazi anapiga mkono wa kiti: "Hapo nilikosea, ilikuwa Jumatano."

Lakini kabla Miwani hajafika, Shangazi alinipa daftari la saba. "Papasa katikati."

Nikapapasa. Karatasi tatu zilikuwa zimeshonwa pamoja pande zote kwa uzi wa kahawia, mishono midogo imelingana kama meno ya mtoto.

"Ukifika hapo, ruka. Usiulize, usikisie."

"Nani alizishona, Shangazi?"

"Umeshauliza." Kisha akasema, "Mimi nilichoandika sikifuti wala sikichomi. Lakini kuna mtu aliniambia jambo lake, na kabla hajaondoka aliomba daftari, akatoa sindano, akalifunga kwa mkono wake mwenyewe. Ili siku likifunguliwa ajue."

Nikasema ndiyo, Shangazi. Naandika hapa ili ikumbukwe kwamba nilisema ndiyo.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Jaribio la kemia, mambo si mabaya. Nimepitia kwa Fundi anishushie pindo la sketi. Chumba chake kinatazamana na geti la shule, na nusu ya shule yetu inavaa alichoshona yeye. Alinisimamisha juu ya kigoda, akanizunguka kwa magoti, pini mdomoni.

"Wewe binti unakua kama mtu anayefukuzwa," alisema. "Mwaka ujao utavaa pazia."

Hana daftari la vipimo kama mafundi wengine. Kiuno changu, mabega ya mwalimu mkuu, vyote viko kichwani mwake. Wasichana wanasema hajui kuandika. Mimi nimemwona akisoma gazeti.

Jumamosi, 16 Machi

Leo tumefika kwenye foleni.

Mji ulizingirwa siku arobaini na moja, na bomba la maji lililobaki lilikuwa moja. Asubuhi moja wanajeshi walikuja kwenye foleni na orodha. Wakaita majina tisa, na wanaume tisa wakaacha ndoo zao wakaenda. Hawakurudi. Shangazi alikuwa mtu wa kumi na nne katika foleni ile ile, na habari aliyoiandika ilisomwa nchi nzima. Mwisho wake ninaujua kwa kichwa: "Ndoo tisa zilibaki, na foleni ikazisogeza mbele kwa miguu hadi jioni."

Miwani alivua miwani akaifuta. Halafu akasema kwa sauti ya kuomba radhi kwamba katika filamu watakuwa wanne. Waigizaji tisa ni wengi, mtazamaji hawezi kushika nyuso tisa.

"Na hao watano?" Shangazi akauliza. "Warudi nyumbani?"

Miwani alisogeza simu karibu naye. Aliuliza swali lingine: "Orodha waliipata wapi?"

"Gazetini niliandika kwamba haijulikani."

"Na leo hii, Mama?"

"Gazetini niliandika kwamba haijulikani."

Wakati wanasema hayo kidole changu kilikuwa juu ya uzi. Kurasa zilizoshonwa ziko hapo hapo, baada ya foleni. Nikaruka, nikasoma siku iliyofuata. Miwani aliuona mkono wangu ukifunua karatasi nyingi kwa mara moja.

Jumapili, 17 Machi

Jana sikuandika hili. Wakati anavaa viatu Miwani aliniuliza, "Ile ya ndoo, ingekuwa wewe ungeipigaje picha?"

Nilisema nisingeonyesha nyuso. Miguu tu, na ndoo zikisukumwa.

Akatoa kalamu akaandika kiganjani kwa sababu karatasi ilikuwa imelowa. "Asante, mwandishi mwenzangu," akasema.

Miaka kumi na sita, na hakuna mtu aliyewahi kuandika nilichosema.

Jumamosi, 23 Machi

Mwigizaji atakayekuwa Shangazi amekuja kumsoma Shangazi. Kope zake ni za dukani, na Baba alizitazama mpaka chai ikapoa. Alitaka kujua jinsi ya kushika kalamu, jinsi ya kutembea, alipokuwa akilia alilia vipi.

"Nililia lini?" Shangazi akauliza.

"Kwenye skripti unalia mara tatu, Mama."

"Mwanangu, siku arobaini na moja nilikuwa naharisha. Nani alikuwa na nafasi ya kulia?"

Baba alitoka nje kucheka. Mwigizaji naye akacheka, akaandika. Nadhani ni mtu mzuri. Alipoondoka, Shangazi akaniambia kwa nini alikubali filamu hii. Gazeti lilikataa kuchapa majina ya wale tisa. Walisema nafasi haitoshi. Mwongozaji amemwahidi kwamba mwisho wa filamu majina yatasomwa yote, hata kama waigizaji ni wanne.

"Ndiyo bei yangu," alisema. "Mengine wapake rangi wanayotaka."

Jumatano, 27 Machi

Vyoo vya shule vimefurika, tumeruhusiwa saa sita. Baba alikuwa amempeleka Shangazi kliniki ya macho. Nilikuwa peke yangu nyumbani Miwani alipobisha hodi, amekuja kurudisha mwavuli wa Baba.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Nisipoandika hivyo, daftari hili halina maana.

Hakuniomba nifungue. Alikaa kwenye kigoda, akanywa maji, akasema skripti yake ina shimo katikati. Watu tisa wanaitwa, na hakuna anayejua nani aliwataja. "Mtazamaji atatoka amebeba shimo hilo," alisema. "Mwongozaji anataka kuniondoa kwenye kazi." Kisha akasema, bila kunitazama, "Huwa najiuliza kama zile karatasi zina kitu. Basi tu. Wewe ungefanyaje, mwandishi mwenzangu?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema mvua imepungua, wahi. Niliinuka nikaleta daftari la saba, na wembe ninaochongea penseli.

Mikono haikutetemeka. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nilikata mshono mmoja mmoja kwa uangalifu, kama kazi ya maabara, na nilijisikia mtu mkubwa. Niliona kwamba mishono ilikwenda mitano mbele, mmoja nyuma, mitano mbele, mmoja nyuma, na nikamwonyesha, nikisifia. Halafu nikamsomea.

Mwanamke hana jina humo. Shangazi ameandika tu "mshonaji." Alikuwa na daftari la wateja: jina, nyumba, vipimo, rangi ya kitambaa. Kabla ya mji kufungwa wanaume tisa walimletea kitambaa kimoja cha kijani awashonee suruali za ulinzi wa mtaa. Mji ulipofungwa, kamanda wa wale wanajeshi alikuja kushonewa kifungo. Akaliona daftari mezani. Akaliomba.

"Hakunipiga," mshonaji amesema humo, kwa mwandiko wa konokono wa Shangazi. "Hakunitisha. Hakupandisha hata sauti. Aliomba, nikampa. Tena nilimfungulia ukurasa."

Na mwishoni: "Andika ili liwe limesemwa mahali. Lakini lisitoke."

Nilisoma mpaka hapo pia. Nililisoma lile neno "lisitoke" kwa sauti safi. Miwani alikuwa amewasha simu.

Jumamosi, 30 Machi

Kusoma kama kawaida, daftari la nane. Shangazi aliuliza, "Sauti yako ina nini leo?"

Nikasema mafua.

Jumanne, 2 Aprili

Miwani alinisubiri karibu na shule kunionyesha kurasa mpya za skripti. Alikuwa na furaha, anaruka madimbwi.

Mshonaji yumo. Ni mrembo, gauni la njano. Lakini katika skripti ni hawara wa kamanda, na anatoa daftari kwa gunia la unga, na anasimama dirishani akitazama wanaume wakichukuliwa.

"Haikuwa hivyo," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo kama ya mbu.

"Najua. Lakini watazamaji wanataka sababu. Nani ataamini mtu alitoa kitu kama hicho eti kwa sababu ameombwa vizuri?"

Nikatazama viatu vyangu. Viatu vilijaa maji.

Alisema wanasubiri mvua ikate tu. Siku ya kwanza ya jua kamera zinatoka nje, na gauni la njano ndilo la kwanza. Nilikuwa nikipenda mvua kwa sababu ya bati. Sasa naihesabu kama mgonjwa anavyohesabu dawa zilizobaki.

Jumapili, 7 Aprili

Nimeamua kuzishona tena. Nilijiambia kwamba Shangazi haoni, na mwenye mshono yuko mbali, katika mji ambao hata kwenye ramani yetu ya darasani umefutika kwa vidole. Nikishona vizuri itakuwa kama halikutokea.

Nilinunua uzi wa kahawia. Nikafunga mlango wa chumba. Lakini sijui kushona, uzi ulijikunja, karatasi ikachanika pembeni. Nikaona nitafute mfano wa mshono mzuri niuige. Sketi ya shule ilikuwa inaning'inia mlangoni. Nikageuza pindo nje ndani.

Mitano mbele, mmoja nyuma. Mitano mbele, mmoja nyuma.

Nilihesabu mzunguko mzima. Kisha nikashusha sketi ya mwaka jana kabatini, nikahesabu na hiyo. Nimekaa sakafuni na sketi mbili mapajani. Tangu kidato cha kwanza nimekuwa nikizivaa.

Ndiyo maana hana daftari la vipimo.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua kubwa. Nashukuru mvua.

Gari la watu wa filamu limesimama mbele ya geti. Mama wa mavazi alikuwa anashusha majora ya vitambaa kwa Fundi: kijani, kijani, kijani, na moja la njano. Kwa nini wasimpe yeye? Ndiye fundi bora mtaani, na kila mtu kamsifia, hata mimi nilimsifia kwa Miwani mwezi uliopita, nikionyesha sketi yangu.

Nilirudi nyumbani kwa geti la nyuma.

Jumamosi, 13 Aprili

Fundi amekuja nyumbani.

Hakupiga hodi. Alisimama mlangoni na kanga iliyolowa begani, maji yanamtiririka, na mkononi alikuwa na karatasi mbili za skripti ambazo mama wa mavazi alimwachia ili ajue gauni linavaliwa katika tukio gani. Nilikuwa nimekaa na daftari la tisa. Miwani alikuwa hajafika.

"Karibu, dada," Shangazi akasema. Alimjua kwa hatua.

"Sikai." Fundi alizitupa karatasi mapajani mwa Shangazi, ambaye hawezi kusoma. "Wameniletea nishone gauni langu. Gauni lenyewe sijawahi kuwa nalo. Na unga sijawahi kuuona. Na yule mwanamume hajawahi kunigusa hata kidole. Ila daftari ni langu."

Shangazi alipapasa zile karatasi kama mtu anayetafuta maumivu yalipo. "Sielewi."

"Miaka kumi na miwili nimekaa hatua mia mbili kutoka kwako. Kila mwaka nakuuliza, uzi upo? Unaniambia upo. Niletee daftari."

Shangazi akanigeukia. "Mwanangu, lete la saba."

Nililileta. Fundi alilifungua katikati, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wangu mbovu niliomalizia Jumapili ile, taratibu, kutoka juu hadi chini. Hakuhitaji kutazama.

"Huu si mkono wangu," alisema. Akainua macho. "Nani kafungua?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Neno lilikuwa moja, silabi mbili, mtoto wa miaka miwili analiweza. Nilifungua mdomo. Nilisikia hewa ikiingia.

"Mimi," akasema Shangazi.

Fundi alimtazama. "Wewe huoni."

"Daftari ni langu. Ahadi ilikuwa yangu. Likifunguliwa, nimefungua mimi."

"Basi na wewe uliombwa vizuri," Fundi akasema, akatoka. Hakuchukua karatasi. Ziliacha alama ya maji kwenye gauni la Shangazi.

Shangazi alibaki ameelekeza uso dirishani. Mimi nilibaki nimesimama. Miwani alipokuja nilimwambia mlangoni kwamba Shangazi anaumwa kichwa. Hata huo uongo ulinitoka bila shida.

Jumapili, 14 Aprili

Sijasema.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Sijasema. Chumba cha Fundi kimefungwa kwa kufuli.

Jumanne, 16 Aprili

Sijasema. Shangazi aliniomba nimsomee gazeti, akanishukuru. Angenipiga kofi ningelala.

Alhamisi, 18 Aprili

Manyunyu tu.

Ijumaa, 19 Aprili

Jua.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo ni siku ndefu.

Niliamka na kusikia ukimya juu ya bati. Baba alikuwa anaanika viatu vyote vya nyumba ukutani, akiimba. Nikaingia kwa Shangazi kabla hajanywa chai, nikapiga magoti ili nisiwe juu yake, nikasema, "Shangazi, ni mimi niliyefungua."

"Najua."

"Unajua?"

"Katika nyumba hii nani mwingine anausoma mwandiko wangu? Paka?" Hakutabasamu. "Nilijua siku ile ya mafua. Niliupapasa uzi jioni yake, sikuukuta. Nilidhani umefungua kwa udadisi wa kitoto, ukajisomea, na litakuishia tumboni. Hapo kosa ni langu, nilinyamaza. Sikujua umeligawa."

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Kwa sababu kuna mtu alikuwa anauliza, na mwenye jibu alikuwa hajibu."

Nililia, na Shangazi aliniacha nilie. Kisha akasema filamu ni yake kuikataa na ataikataa, majina tisa yasisomwe basi. Alilisema kama mtu anayeweka chini mzigo aliobeba mbali sana. Nikamwomba asubiri hadi mchana.

Ghala wanalotengenezea filamu lipo nyuma ya stendi. Uani kwake wamejenga mtaa mzima wa mji wa daraja kwa mbao na rangi. Nilipita karibu na bomba la maji. Lilikuwa halina maji, na ndoo zilikuwa tisa. Mwongozaji ni mama mnene anayevaa mabuti ya mpira hata kukiwa kukavu. Miwani alikuwa pembeni yake. Sijawahi kuzungumza mbele ya watu wengi hivyo. Walikuwa labda thelathini, na taa.

"Shikamoo," nilisema. "Tukio la gauni la njano liliibwa. Niliiba mimi."

"Sema tena. Kwa sauti."

Nikasema tena kwa sauti. Nikaeleza ahadi, uzi, wembe. Sikutaja mshonaji ni nani. Mama wa mavazi alikuwa amesimama na sindano mdomoni, na nilimwona akielewa, akatazama chini.

Mwongozaji akamgeukia Miwani. "Uliniambia bibi mwenyewe kakupa."

"Nilimuuliza tu binti," Miwani alisema. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Hakulazimishwa. Mwambie, nilikulazimisha?"

"Hukunilazimisha," nikasema. Ni kweli.

Mwongozaji alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alitukana kidogo, si mimi, ni kama alitukana hali ya hewa. "Mkataba wetu ni wa habari zilizochapishwa. Hili halikuchapishwa. Bibi akisimama mahakamani sina filamu. Na hata asiposimama..." Hakumaliza. "Andika. Ulichukua nini, lini, kwa nini, bila ruhusa ya nani. Utie sahihi, na mzazi wako atie. Nikipata hiyo karatasi mkononi, tukio linatoka, na orodha inabaki haijulikani ilikotoka."

Niliandikia pale pale juu ya sanduku la taa. Ukurasa mmoja. Ulikuwa ukurasa mgumu kuliko insha zangu zote, kwa sababu kila nilipoweka neno zuri ilibidi nilifute.

Baba aliusoma akiwa amesimama ukutani kati ya viatu. Nilisubiri utani. Baba ana utani wa misiba, wa mitihani, wa kukatika umeme. Alisoma mpaka mwisho, akarudia, akaomba kalamu, akatia sahihi, akanirudishia. Akaendelea kugeuza viatu upande wa pili.

Jumatatu, 22 Aprili

Shangazi alinituma kwa Fundi baada ya shule. Alizikata zile karatasi tatu kutoka kwenye daftari la saba mwenyewe, kwa mkasi, akipima kwa kidole. "Nilisema sifuti na sichomi," alisema. "Kumrudishia mwenyewe sikuwahi kusema."

Kufuli lilikuwa limetoka. Fundi alikuwa anashona suruali za kijani, cherehani ikilia. Jora la njano lilikuwa limekunjwa limewekwa nje ya mlango, juu ya gazeti, lisilowe.

Niliamkia. Hakuitikia. Nikaweka karatasi mezani, nikasema yote, kwamba Shangazi hakufungua, ni mimi, kwamba alipouliza nilikuwa nimesimama pale pale. Kwamba tukio limetolewa. Kwamba sikutaja jina lake.

Cherehani ilisimama. Alizichukua karatasi akazitia kwenye droo ya nyuzi bila kuzisoma.

"Panda," akasema.

Nilipanda kigoda. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba amenisamehe. Alipiga magoti kama siku zote. Lakini mkononi hakuwa na pini, alikuwa na kile kisu kidogo cha kufumulia. Akaanza nyuma ya goti la kushoto. Alifumua mshono mmoja mmoja, mitano na mmoja, mitano na mmoja, akinizunguka, na uzi hakuukata, aliuvuta mzima mzima na kuuviringisha kidoleni. Wasichana wa darasa letu walipita getini wakasimama kutazama. Hakuharakisha. Pindo likashuka hadi kwenye soksi.

"Utahama?" nilimuuliza. Nilikuwa naogopa jibu tangu Jumatatu iliyopita.

"Nilikimbia mji mmoja. Sikimbii miwili." Akainuka, magoti yakalia. Aliutia uzi kwenye droo, pamoja na zile karatasi. "Huu ni wangu. Sketi ni yako."

"Nisamehe, Fundi."

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Mimi nilikuwa na miaka thelathini na nne," alisema. "Wewe una kumi na sita, na umekwenda kusema kabla mwezi haujaisha. Siwezi kukupa zaidi ya hilo. Teremka, nina kazi."

Jumatano, 24 Aprili

Jua. Shangazi ameiacha filamu iendelee, kwa bei yake ile ile ya majina tisa. Wamepiga picha foleni. Baba alipita na gari akaona. Anasema walionyesha miguu tu, na ndoo. Hakuna nyuso, kwa hiyo waliweza kuwaweka wote tisa.

Sijui nijisikieje. Sijisikii vizuri.

Jumapili, 28 Aprili

Nimeshona pindo mwenyewe. Nimefumua mara tatu. Uzi wa kijivu, mishono mikubwa kama ya gunia, upande wa kulia umepanda kuliko wa kushoto. Sikuiga mshono wa mtu.

Shangazi alilipapasa pindo lote, akifuata kwa kidole. "Lo," akasema. "Hili hata mimi nimeliona." Baba aliguna nyuma ya gazeti. Karibu lilikuwa cheko.

Jumatatu, 29 Aprili

Gwaride la asubuhi. Mwalimu wa zamu hukagua sare kuanzia mstari wa mbele, na mimi ni mrefu, hukaa nyuma, kwa hiyo kwa kawaida huwa nimeshapata muda wa kujificha nyuma ya mwenzangu. Leo sikujificha. Alinipita, akarudi hatua moja, akainama kutazama, fimbo mgongoni. Getini kwa mbali, Fundi alikuwa anafungua mlango wa chumba chake. Akasimama na funguo mkononi.

"Kamusi," mwalimu akasema, na mistari yote ikageuka. "Hii ni nini? Nani kafanya hivi?"

"Mimi," nikasema.